Dada Yangu Aliniuliza: "Kosa Langu ni Nini?"



Mimi ni karani wa parokia. Kazi yangu ni kutunza vitabu: kitabu cha ubatizo, cha kipaimara, cha ndoa na cha marehemu. Nalisomea ualimu chuoni, na kabla Baba Paroko hajaniita ofisini nalifundisha kwa muda mfupi. Lakini habari ninayowaletea leo si ya ofisini. Ni ya nyumbani kwetu. Wenyewe wamenipa ruhusa kuiandika, ila majina nimeyaacha.

Ninaye dada, mtoto wa mama mkubwa. Miaka kumi na mmoja iliyopita alikwenda Uingereza kufanya kazi ya kuwatunza wazee, akamchukua mwanawe wa pekee, ambaye siku zile alikuwa na umri wa miaka minne. Mtoto huyo nalimsimamia mimi katika ubatizo. Nalikuwa ndiyo kwanza nimemaliza chuo, na hata shati nililolivaa siku ile naliliazima kwa rafiki. Ukifungua kitabu chetu utaona jina langu penye safu ya wasimamizi. Jina la mtoto ni la kike, kwa maana alizaliwa mtoto wa kike.

Mwaka jana, katika mwezi wa Rozari, dada alinipigia simu usiku wa manane. Alikuwa analia.

"Mdogo wangu," akasema, "mtoto ameniambia kuwa yeye si msichana. Amekata nywele zake zote. Anataka aitwe kwa jina la kiume, na shuleni wenzake wamekwisha kuanza kumwita hivyo. Kosa langu ni nini? Ni kwa sababu namwacha peke yake nikienda kazi za usiku? Ni kwa sababu hana baba nyumbani? Ni hiyo simu niliyomnunulia?"

Sikuwa na la kumjibu. Ndipo akanieleza shauri lake. "Nitafutie shule ya bweni huko nyumbani. Nitamwambia tunakuja kumsalimu bibi wakati wa Noeli. Tukifika, nitaichukua hati yake ya kusafiria, nami nitarudi peke yangu. Akichota maji na kulima mwaka mmoja, hayo yatamtoka."

Nalimwambia: "Sawa, Dada. Nitatafuta." Sitawaficha, wakati ule naliona ni shauri jema. Kesho yake asubuhi nalikwenda kuulizia nafasi.

KILA MTU NA SABABU YAKE

Habari haikukaa siri. Wazee wa ukoo walikutana, na kila mmoja alikuwa ameijua sababu tayari. Mama mkubwa alisema ni kwa kuwa mtoto aliondolewa nyumbani mapema. Mjomba wetu alisema ni baba wa mtoto, ambaye hakumaliza mahari. Jirani mmoja alisema ni pepo. Mwalimu mmoja rafiki yangu alisema ni simu tu, wala hakuna jingine. Na kijana mmoja alisema: "Hayo ni mambo ya Wazungu. Ameambukizwa."

Nalisikiliza mpaka mwisho, nikagundua jambo moja. Kila mmoja alikuja na sababu moja tu, na sababu hiyo ilikuwa ni ile aliyokuwa nayo hata kabla ya habari kufika. Mama mkubwa hakupenda tangu mwanzo dada aende Ulaya. Mjomba amemkasirikia baba wa mtoto miaka yote. Mwalimu huchukia simu kama nyoka. Mtoto mwenyewe hakuwapo, wala hapana aliyetaka kumwuliza.

Nalimwendea Baba Paroko nikamwambia yote. Alinisikiliza, halafu akasema: "Wewe ni mwalimu. Mwalimu haingii darasani kabla ya kusoma somo lake. Nenda ukasome kwanza." Basi kila jioni, baada ya kazi, nalikaa mbele ya kompyuta ya ofisi nikisoma yaliyoandikwa na madaktari. Nayaleta hapa kwa ufupi, kwa maana familia nyingi zetu sasa zina watoto na wajukuu huko ng'ambo, na simu kama ile iliyoniamsha mimi yaweza kumwamsha msomaji yeyote.

TUELEWANE KWANZA

Watu huchanganya mambo mengi katika chungu kimoja. Yuko mtoto anayezaliwa na maumbile yasiyoonyesha wazi kama ni wa kike au wa kiume. Watu wa pwani humwita huntha. Hilo ni jambo la mwili, na wakunga wetu wamelijua tangu zamani. Yuko mtu anayevutwa na watu wa jinsia yake mwenyewe. Hilo nalo ni jambo jingine. Yuko msichana apendaye kupanda miti na kucheza mpira, ambaye sisi humtania jikedume. Huyo ni msichana tu, na afadhali tungeacha kumtania.

Habari yangu ni ya kijana ambaye mwili wake hauna kasoro, lakini moyoni mwake asema: "Mimi siye yule mnayemwona." Wengine huona uchungu mkubwa, hasa mwili unapoanza kubalehe. Na si jambo jipya kabisa duniani. Mwaka wa 1952 magazeti yaliandika sana habari za Christine Jorgensen, aliyekuwa askari wa Marekani, ambaye alikwenda Denmark kupasuliwa ili aishi kama mwanamke. Huko India wamo watu waitwao hijra, ambao tangu karne nyingi huishi si kama wanaume wala si kama wanawake, na mwaka wa 2014 Mahakama ya Juu ya nchi ile iliamua kuwa watu wa namna hii watambuliwe kuwa jinsia ya tatu. Basi jambo lenyewe ni la zamani. Lililo jipya ni wingi wa vijana.

Wingi huo ni wa kweli. Mjini London palikuwa na kliniki ya serikali ya watoto wenye shida hii, iliyofunguliwa mwaka wa 1989. Katika mwaka wa 2011/12 watoto waliopelekwa pale hawakufika 250. Katika mwaka wa 2021/22 walizidi 5,000. Tena hesabu iligeuka ndani yake. Zamani wengi walikuwa wale waliozaliwa wavulana. Baadaye wengi wakawa waliozaliwa wasichana, wenye umri wa kubalehe, kama mwanangu wa ubatizo. Mambo ya namna hii yameonekana pia katika nchi nyingine za Ulaya na Amerika ya Kaskazini.

Hata hivyo tusidhani kwamba kila mtoto wa Ulaya amegeuka. Mwaka wa 2022 wachunguzi wa chuo kikuu kimoja cha California walikadiria kuwa katika Marekani nzima vijana wa miaka 13 mpaka 17 wa namna hii walikuwa kama 300,000, yaani mmoja au wawili katika kila vijana mia.

Tena mimi karani najua hila za fomu. Tulipohesabu waamini katika jumuiya ndogo ndogo, mzee mmoja, penye neno "Jinsia", aliandika: "Nimeoa." Wenzetu wa Uingereza nao yaliwapata. Katika sensa ya mwaka wa 2021 watu 262,000 katika England na Wales walijibu kuwa jinsia wanayojiona nayo siyo ile ya kuzaliwa. Baadaye wenye sensa wakakiri kuwa huenda baadhi ya watu wasiojua Kiingereza vizuri hawakulielewa swali. Hesabu ni kitu chema, lakini yafaa kuuliza imehesabiwaje.

MKONO WA KUSHOTO

Sasa kwa nini wameongezeka? Sababu ya kwanza inayotajwa ni kwamba zamani walikuwapo ila walijificha. Leo wamepata jina la kuliita jambo lao, wameona wengine, na kliniki zimefunguliwa. Hapo wataalamu hutoa mfano wa watu watumiao mkono wa kushoto. Huko Marekani, katika watu waliozaliwa mwanzoni mwa karne ya 20, wenye kushoto walionekana wachache sana, kwa kuwa shuleni walikuwa wakilazimishwa kuandika kwa kulia. Shule zilipoacha jambo hilo hesabu ikapanda mwaka hata mwaka mpaka kama mtu mmoja katika kumi, ikasimama hapo. Hakuna aliyeambukizwa. Waliacha kujificha tu.

Niliposoma mfano huo nalifunga kompyuta nikatoka nje. Nitawaambia sababu.

Nilipokuwa chuoni tulipelekwa kufanya mazoezi ya kufundisha. Katika darasa la kwanza nalimkuta mtoto mmoja aliyeandika kwa mkono wa kushoto. Mwalimu mmoja mkubwa aliniambia: "Mkono ule si wa kuandikia. Ufunge." Nami naliufunga kwa kitambaa, kila asubuhi, majuma matatu. Mtoto alijaribu kuandika kwa kulia, herufi zikawa kama miguu ya kuku. Kisha akaacha kusema darasani. Kisha akaacha kuja shule. Bibi yake alinifuata mpaka mlangoni, akaniambia: "Mwalimu, mlimpokea mtoto huyu akija njiani anaimba." Hakusema zaidi. Leo yule ni fundi baiskeli sokoni, na spana huishika kwa mkono wa kushoto. Hunisalimu kwa adabu, na salamu yake hunichoma kila mara.

Lakini ni lazima niwe mkweli. Mfano wa mkono haufiki mwisho. Mwandikaji wa kushoto hahitaji dawa wala kisu. Kijana wa habari hii huenda akataka dawa za kuzuia kubalehe, au za kugeuza mwili, na mengine katika hayo hayarudi nyuma. Tena kama ingekuwa ni kujificha tu, mbona ongezeko limekuwa kubwa kwa wasichana wa miaka kumi na minne, wala si vilevile kwa mama wa miaka hamsini? Daktari Hilary Cass, bingwa wa magonjwa ya watoto, aliyepewa na idara ya afya ya England kazi ya kulichunguza jambo hili kuanzia mwaka wa 2020, alitoa taarifa yake ya mwisho tarehe 10 Aprili 2024. Naye aliona kwamba kukubaliwa na jamii peke yake hakutoshi kueleza ongezeko hilo.

SABABU NYINGINE

Sababu ya pili ni uchungu wa ujana wenyewe. Huko Uingereza, mwaka wa 2017, katika kila watoto tisa mmoja alionekana kuwa na shida ya akili au ya moyo. Mwaka wa 2020 akawa mmoja katika kila sita. Huzuni na wasiwasi vimewakamata zaidi wasichana wakubwa. Dada aliniambia kuwa mwanawe alipoanza kuvunja ungo aliacha kuogelea, akawa anavaa koti kubwa hata wakati wa joto. Wavulana shuleni walikuwa wakiusema mwili wake kwa sauti. Huyu ni mtoto mweusi kati ya weupe, hana shangazi wala bibi wa kumfunda. Kwa msichana wa namna hii, mwili waweza kuonekana kuwa ni mzigo. Wako wataalamu waaminio kwamba baadhi ya vijana huutafsiri uchungu huu kuwa ni jambo la jinsia. Wengine hukana, wakisema kuwa huzuni hutokana na kudharauliwa na kukataliwa. Nami naona yote mawili yaweza kuwa kweli kwa watoto mbalimbali.

Sababu ya tatu ni marafiki na simu. Mwaka wa 2018 daktari mmoja wa Marekani, Lisa Littman, aliandika majibu ya wazazi 256, ambao wengi wao walisema watoto wao waligeuka ghafla, tena baada ya marafiki zao. Wenzake walimpinga kwa nguvu: aliwauliza wazazi tu, hakuwauliza watoto, na wazazi hao aliwapata mahali ambapo wenye wasiwasi walikuwa wamekwisha kukusanyika. Mwaka wa 2019 jarida lililotoa makala hiyo liliitoa tena pamoja na masahihisho. Basi neno hilo halijathibitishwa. Lakini mwalimu yeyote ajua kuwa kijana hujitafuta katika macho ya wenzake. Simu haimpi mtoto uchungu asiokuwa nao, lakini yaweza kumpa jina la kuuita uchungu wake, likiwa la kweli au lisiwe la kweli.

Ya nne, madaktari wameona kuwa vijana wengi wa kliniki hizi wana mizigo mingine. Uchunguzi mmoja mkubwa wa mwaka wa 2020, uliotumia habari za watu zaidi ya 600,000, ulionyesha kuwa watu wasiojiona katika jinsia ya kuzaliwa huwa na usonji mara tatu mpaka sita zaidi kuliko wengine. Mtoto mwenye usonji mara nyingi hujiona tofauti na wenzake tangu utoto, wala hajui kwa nini.

Ya tano ni mwili. Wataalamu wametafuta katika ubongo, katika damu, na katika mapacha. Wameona dalili kuwa maumbile yana sehemu yake, lakini hakuna kipimo ambacho daktari aweza kumpima mtoto akasema, huyu ndiyo, huyu siyo.

Taarifa ya Daktari Cass yasema kuwa hakuna sababu moja. Mambo ya mwili, ya moyo na ya jamii huchanganyika, na kwa kila kijana huchanganyika kwa namna yake. Nalilielewa neno hilo kwa mfano wa homa. Watoto watatu wafika zahanati, wote wanachemka. Mmoja ana malaria, mwingine homa ya matumbo, wa tatu kidonda kilichooza. Mganga mwema hawapi wote dawa moja kwa kuwapapasa vipaji tu. Natumia homa kwa mfano, sisemi kuwa huu ni ugonjwa. Shirika la Afya Duniani liliamua mwaka wa 2019 kuliondoa jambo hili katika orodha ya magonjwa ya akili.

Kuhusu dawa, madaktari wenyewe hawajapatana. Finland mwaka wa 2020 na Sweden mwaka wa 2022 walipunguza kuwapa watoto dawa hizi. Ile kliniki ya London ilifungwa Machi 2024, na mwezi uleule idara ya afya ya England iliacha kutoa dawa za kuzuia kubalehe kama tiba ya kawaida, kwa kuwa ushahidi wa faida na usalama wake ulionekana haba. Lakini chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, mwaka wa 2023, kilishikilia msimamo wake wa 2018 kwamba matibabu hayo yasizuiliwe, huku kikiagiza ushahidi uchunguzwe upya. Wakubwa wakigombana hivyo, mama mmoja anayefanya kazi za usiku atajuaje?

NENO LA KANISA

Baba Paroko alinionyesha hati ya Vatikano iitwayo Dignitas Infinita, ya Aprili 2024. Yafundisha wazi kuwa mwili ni zawadi ya Mungu, na haikubali mtu kubadilishwa jinsia yake. Lakini hati hiyohiyo yote inahusu heshima ya kila mtu, ambayo hakuna awezaye kuipoteza kwa sababu yoyote. Tena mwaka wa 2023 ofisi ileile ilimjibu askofu mmoja wa Brazil kwamba mtu aliyejibadili jinsia aweza kubatizwa kama waamini wengine, mradi lisitokee kwazo. Baba Paroko akasema: "Umeona? Mlango wa ubatizo haukufungwa. Wewe uliyesimama mlangoni pale na mtoto yule, utaufunga wewe?"

NILIVYOMJIBU DADA

Basi nalimwandikia dada, nikamwambia nimeacha kutafuta shule. Nalimwandikia hivi:

"Dada yangu, uliniuliza kosa lako. Nimesoma miezi miwili, wala sikuona mahali palipoandikwa kuwa mama afanyaye kazi za usiku ndiye sababu. Sababu ni nyingi na zimefungamana, na aliye karibu kuzijua ni mtoto mwenyewe, akipewa nafasi ya kusema bila kuogopa. Mtafutie mganga mwenye subira, asiyekimbilia kumpa dawa wala kumfukuza. Usikubali jambo lisiloweza kurudi nyuma lifanyike kwa haraka. Lakini usimdanganye. Ukimleta kwa hila na kumnyang'anya hati yake, atajua kuwa hata mama yake ni mtego. Kijana mwenye huzuni asiye na mtu wa kumwamini, Dada, wewe unajua afanyavyo. Kama atakuja, na aje akijua anakuja kwa nini, na hati yake mfukoni mwake."

Dada hakujibu siku tisa. Nalijua amenikasirikia. Siku ya kumi akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imechoka. Akaniambia kuwa mtoto alikuwa amekwisha kuyasoma maneno yetu ya kwanza katika simu ya mama yake. Tangu siku ile alikuwa akilala na mfuko wake umefungwa karibu na mlango, tayari kukimbia. Wala hapana aliyejua angekimbilia wapi, katika mji ule, wakati wa baridi.

"Nimemwambia kweli yote," dada akasema. "Nimemwonyesha barua yako. Amefungua mfuko."

Wasomaji wapenzi, ile sawa niliyoisema usiku ule ilikuwa karibu kumtoa mtoto nje ya nyumba. Ndiyo sababu nimeandika.

Dada aliniuliza pia tumwiteje sasa, kwa kuwa kila jina limekuwa vita. Nalimwambia kuwa Kiswahili chetu kimetuhurumia. Waingereza wana neno moja la kumtaja mwanamume na jingine la kumtaja mwanamke, na shule na nyumba nyingi huko zimegombana kwa maneno hayo. Sisi twasema "yeye" tu. Twasema "mwanangu". Nalimwambia: "Mwite mwanangu. Hilo ni kweli tangu siku ya kwanza, wala halitabadilika."

Baadaye kidogo mtoto mwenyewe alichukua simu. Kiswahili chake ni cha mtoto wa miaka minne, kwa maana hapo ndipo alipokiacha. Alinyamaza, kisha akauliza: "Mjomba, mimi bado niko kwenye kitabu?"

Nalimjibu: "Upo. Nimeuona ukurasa wako leo. Kitabu kile hakifutwi. Jina siwezi kulibadili, kwa sababu kimeandikwa yaliyotokea siku ile. Lakini wala mtu hawezi kukutoa."

Akasema, "Haya." Kisha akaniuliza kama mbwa wa bibi yu hai bado. Nikamwambia amezeeka, lakini yu hai.

Mambo hayajaisha. Bado hataki kuitwa kwa jina la zamani, na dada bado hulia. Wanangoja zamu yao kwa daktari. Lakini Jumapili ya Matawi walikwenda Misa pamoja, kwa mara ya kwanza tangu Oktoba.

Wazazi wapenzi, kama simu ya namna hii itawafikia, nawaomba mambo machache. Msikimbilie sababu moja, kwa maana kila mwenye sababu moja hujisemea habari zake mwenyewe. Msikubali haraka ya watu wa dawa, wala haraka ya watu wa viboko. Mwulizeni mtoto tangu lini alianza kuumia, na ni nani aliyemwumiza, kisha mnyamaze msikie. Wala msimdanganye. Mtoto aweza kuvumilia kuambiwa, "Mwanangu, katika hili sikubaliani nawe," kama ajua kuwa kitanda chake bado ni chake.

Na tumwombee. Juma lililopita nalihitaji kulitafuta jina la mtu mwingine katika kitabu kile cha ubatizo. Kilifunguka penye ukurasa wa mwanangu, kwa kuwa nimekifungua hapo mara nyingi mno mwaka huu.